Tiketi Zenu Ninazo Mimi

Nsemulwa, Mpanda
Alhamisi jioni, Julai 1996

Shija,

Mambo ya hujambo na mimi sijambo tuyaruke. Tumekaa nyumba moja wiki tatu, unajua kama mimi mzima na mimi najua kama wewe mzima. Tena leo sina moyo wa kukusalimu. Nimekukasirikia. Ninakuandikia nikiwa na hasira makusudi, kwa sababu nikingoja ishuke nitakuonea huruma, na nikikuonea huruma utaondoka hapa mjinga vilevile ulivyokuja.

Kwanza ujue hili, usije ukapekua mifuko na kumgombeza mkeo: tiketi zenu za treni ya kesho ninazo mimi. Mlipokuwa mmelala mchana nilifunga kanga yangu nikaenda nazo stesheni. Zimebadilishwa. Sasa zinasema Jumanne. Kaa chini usome mpaka mwisho ndipo uje unigombeze.

Ningekwambia kwa mdomo, lakini wewe ni mwalimu. Nikisema sentensi moja unanirekebisha mbili, mwisho najikuta nimenyamaza nyumbani kwangu. Kuandika nilifundishwa ukubwani, darasa la kisomo, nikiwa na mtoto mgongoni, na huyo mtoto alikuwa wewe. Karatasi nimechana kwenye daftari la Limi. Mwambie bibi atamlipa lingine.

Kumbuka mchana wa leo. Tulikuwa tunakula, Goreti anammegea Limi tonge. Ukasema, ukimtazama baba yako wala si mke wako, kwamba Mwese hamwendi tena. Barabara mbaya, siku zimekwisha, kesho treni. Ukasema utamwandikia mama mkwe barua nzuri ukishafika Newala kwenye uhamisho wako. Goreti akasema, "Haya." Basi. Akaendelea kummegea mtoto.

Wewe ulisikia mtu amekubali. Mimi ile haya naijua, nimewahi kuisema mwenyewe. Ndiyo maana nikakwambia pale pale, Shija, yule mama anawangoja. Ukaweka tonge chini ukanijibu: "Mayu, hii ni safari ya familia yangu. Niache niipange mwenyewe."

Baba yako akatikisa kichwa kwamba umesema vizuri, akaongeza sauti ya redio.

Umeipanga, ndiyo. Nimeiona ratiba yako, ile uliyochora kwenye manila ukaibandika ukutani kama ya darasani, na rangi juu. Wiki ya kwanza kupumzika. Wiki ya pili marafiki. Siku moja Sitalike watoto wakaone viboko, mkaenda kwa lifti bila kuuliza mtarudi na nini, mkakaa barabarani juani mpaka jioni, mtoto mchanga analia na Goreti hana hata maji ya kumpa. Viboko mliwaona dakika kumi. Halafu harusi ya mwenzako Katumba. Halafu mpira. Na chini kabisa, kwa herufi ndogo maana karatasi ilikuwa imekwisha, ukaandika Mwese, siku mbili za mwisho.

Ukiliweka jambo mwishoni umeliweka mahali ambapo mengine yote yanakuja kulila. Hilo sikulisoma popote, nimelilipia.

Na usiniambie siku zimekwisha. Kuripoti kazini ni Jumatatu ya wiki ile nyingine, umesema mwenyewe. Siku zilizobaki umeziweka Tabora kwa rafiki yako, mkatazame mpira na ukachague redio kaseti. Nilisikia mkiongea uani, mimi si kiziwi.

Sasa nikwambie habari ya safari yako tamu. Ile unayowasimulia watoto kila wakikaa kula: ulivyokuwa na miaka tisa, tukaenda Usukuma mwezi mzima, ukanywa maziwa mpaka ukashindwa kuinama, ukachunga na watoto wa baba zako wakubwa, ukarudi na fimbo yako mwenyewe. Wiki tatu nimekaa nakusikiliza natabasamu. Nimechoka kutabasamu.

Safari ile aliipanga baba yako, kwa kidole, mchangani, hapo hapo unapoegesha baiskeli. Tutaanza kwa kaka mkubwa, alisema, tushuke mmoja mmoja kwa ukubwa wao, nyumba saba, kila nyumba siku moja. Halafu kwa mama yangu mimi, ng'ambo ya mto, wiki tatu nzima mpaka siku ya kurudi. Nilikuwa sijamwona mama yangu tangu tulipohama na ng'ombe kuja huku. Nilikitazama kile kidole nikaona kimeandika vizuri.

Lakini alisahau jambo ambalo mtu wa kwetu hana haki ya kulisahau. Kwetu mgeni haondoki kwa kuwa amemaliza kukaa. Anaomba ruhusa, na mwenye boma anamwambia, kesho kutwa. Hiyo kesho kutwa ndiyo heshima yenyewe. Akikuruhusu siku ile ile ujue amekuchoka. Baba yako amezaliwa ndani ya desturi hiyo, lakini alipopanga aliihesabu njia tu, kupendwa hakukuhesabu. Nyumba saba, kila moja na kesho kutwa yake, na nyumba nyingine ikaongeza ya pili kwa sababu mbuzi alichinjwa jioni. Wiki za mama yangu zikaliwa vipande vipande, wala huwezi kumtaja aliyezila, maana kila mmoja alikuwa anatupenda tu.

Zikabaki siku nne. Baba yako akaona aibu, akamtuma mtu aliyekuwa anakwenda mnadani ng'ambo amwambie mama yangu: Jumamosi tunafika. Hilo ndilo kosa lake la pili, Shija. Kuchelewa ni kosa dogo, watu wanachelewa. Lakini kumtajia mtu siku, akaishika kichwani, kisha usiitimize, huko ni kumfunga kamba.

Maana Jumamosi ilipofika baba yako alisema hawezi kwenda ukweni mikono mitupu baada ya miaka yote ile. Mdogo wake alikuwa amemwahidi mtamba, ng'ombe jike ambaye hajazaa, ampelekee mama mkwe. Mtamba mwenyewe alikuwa kwa rafiki yao, si unajua watu wetu wanavyogawanya mifugo kwa marafiki ili ugonjwa ukiingia zizi moja usimalize wote. Wakamfuata. Wakakuta rafiki amehamisha kundi kufuata maji. Kesho ataletwa, wakasema. Kesho ikafika wakasema kesho.

Nilimwambia baba yako, mama hataki mtamba, anataka kuniona. Akanijibu mbele ya kaka zake, "Niingie kwa mama mkwe napunga mikono kama naenda kuoga mtoni?" Watu wakacheka. Na mimi nikasema, haya.

Hapo usimlaumu baba yako peke yake, ingawa mimi nimemlaumu miaka kumi na saba. Kutoka nyumba ile ya mwisho hadi kwa mama ni nusu siku kwa miguu. Miguu nilikuwa nayo. Njia niliijua tangu nachota maji. Ningeamka alfajiri nikakuchukua, au nikakuacha, jua likiwa kichwani ningekuwa nimemshika mama yangu mkono. Sikuamka. Niliogopa wake wa shemeji zangu waseme mke wa fulani ametangulia ukweni kama kondoo aliyekatika kamba. Nilitaka wanisifu. Wakanisifu kweli, mke mtulivu, mke ana adabu. Leo hata sura zao sizikumbuki vizuri. Kwa sifa hiyo nilimwacha mama yangu akae njiani.

Siku ya nne ilifika, mtamba hajafika. Shule yako ilikuwa inafunguliwa, na jirani tuliyemwachia ng'ombe huku Mpanda alikuwa ameshatuma ujumbe kwamba amechoka. Tukapanda lori. Wewe ulilala mapajani kwangu na fimbo yako, njia nzima, unatabasamu usingizini. Ndiyo likizo unayoikumbuka wewe.

Kabla mvua hazijaanza nilikuwa hapa uani nabangua karanga, redio inasoma matangazo ya vifo. Wakasoma jina la mama yangu. Wakasoma na langu, binti yake aliyeko Mpanda popote alipo habari zimfikie. Nilimaliza karanga zilizokuwa kwenye ungo, sijui kwa nini. Halafu nikasimama.

Nilifika wameshazika. Dada yangu hakunisalimu. Alinipeleka pale njia inapochepuka kuja nyumbani, akanionyesha kigoda kimewekwa chini ya kichaka cha mkonge. Akaniambia, "Alikaa hapa Jumamosi mpaka Jumamosi. Siku ya mwisho alikunja mkeka akasema labda yeye ndiye aliyekosea siku."

Unasikia, Shija? Alijilaumu yeye. Sisi tulikuwa nyumba ya saba tunakula nyama, tunangoja ng'ombe.

Mtamba alifika. Shemeji yangu alimswaga mpaka matangani, siku ya tatu ya msiba, mtamba mzuri, mwekundu, amenenepa. Wakamchinja. Watu wote walishiba. Mimi nilikaa na bakuli langu mbele mpaka mafuta yakaganda.

Na kuna jambo sijawahi kukwambia. Wakati wa kuondoka dada alinipa kikapu cha michembe, viazi vitamu alivyokatakata mama akavianika juani yeye mwenyewe wiki ile ya kungoja. Mama alikuwa amesema ni vya Shija, mtoto wa Mpanda hajui viazi vya kwetu. Nilikuletea. Ulikula vyote kwa siku mbili ukauliza kama bibi ataleta vingine. Nikakwambia ataleta. Mpaka leo ukionja michembe sokoni unasema hii si kama ile ya bibi. Hapana, si kama ile.

Baba yako si mtu mbaya, usinielewe vibaya. Hajawahi kunipiga, hajawahi kutulaza njaa. Lakini kila mwezi wa saba ukifika siwezi kumtazama usoni, na yeye anadhani ni vumbi la kiangazi linaniumiza macho. Hatujawahi kulizungumza. Ninampikia vizuri, nachemsha maji yake ya kuoga, na ndani nimefunga. Wewe umekulia humu humu hukuona kitu. Mlango wa namna hiyo hausikiki ukifungwa. Leo mchana niliusikia wa mkeo.

Sasa nisikilize kuhusu Mwese. Goreti hajamwona mama yake tangu ulipomwoa. Mtoto huyu wa pili mmempa jina la huyo mama, Yuliana, na Yuliana mwenyewe, bibi yake, hajamwona hata kwa picha. Miguu yake haimruhusu tena kushuka ile milima. Mkienda Newala mnakwenda upande mwingine kabisa wa nchi, na mshahara wako naujua na nauli naijua. Mtarudi lini? Usinijibu mwakani. Mimi sikutajii siku na wewe usinitajie.

Na mlimwandikia. Wewe mwenyewe, kwa mwandiko wako mzuri wa mwalimu, ukampa katekista barua apeleke: Jumanne tunafika. Leo ni Alhamisi.

Leo asubuhi nilikwenda sokoni kutafuta maharage. Muuzaji ni mama wa Mwese. Tukaongea, nikamuuliza kama anamjua mzazi mwenzangu, Yuliana, mama yake Goreti. Akasema nani asiyemjua, ameazima magodoro nyumba tatu, ana wageni. Akasema tangu Jumanne anashinda pale malori yanaposhushia mizigo, kila lori likisimama anainuka. Kisha akanipimia maharage. Nilishika mfuko nikashindwa kuufunga. Miaka kumi na saba, nikadhani nimemaliza.

Sasa hasira yangu ilipo hasa. Nilipotoka sokoni nilikuwa nakutukana wewe njia nzima, kimoyomoyo, matusi mazima. Nilipofika kwenye reli nikakumbuka Jumatatu. Jumatatu jioni ulikuja jikoni ukaniambia, mayu, naomba ruhusa, kesho twende Mwese. Ulikuja, sikunyimi haki yako. Na nani alikujibu kesho kutwa? Mimi. Nikasema nina kuku sijamchinja, nikasema mtoto ana mafua, nikasema vumbi. Kesho kutwa ilikuwa jana, na jana nikapata neno lingine. Nilikuwa nakuona unakwenda mbali, nikataka siku moja zaidi, na nyingine juu yake. Goreti alikuwa amesimama pale kwenye mafiga na mwiko mkononi. Akasema, haya, mama.

Mimi ndiye nyumba ya saba. Mimi, niliyekaa mbele ya lile bakuli, nimemlia mwanamke mwingine siku zake, nikamkaribisha binti yake na chai juu. Nimekuwa nikiwachukia watu wale miaka yote, kumbe najua kazi yao kuliko wao. Kwa hiyo ukisoma humu ukaona nakugombeza, ujue nimeshajigombeza kabla yako, kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika kwenye daftari la mtoto.

Lakini wewe pia ni mtu mzima. Ungesema hapana, mayu, tunangojwa. Ningekasirika siku moja ikaisha. Ukaona rahisi kumkata yule asiyekuwepo mezani. Ndivyo tunavyofanya wote tunapopanga safari, tunawagawia siku wale wanaotutazama, na asiyetuona tunamwandikia barua nzuri. Na mkeo akisema haya kwa upesi, usiipokee. Muulize mara ya pili, na mara ya pili mtazame yeye, si baba yako.

Nimemaliza ya kusema. Sasa nilivyofanya.

Lori la mzee wa mashine ya kukoboa linakwenda Mwese kesho kuchukua maharage. Linaondoka sokoni saa moja asubuhi. Dereva nimeongea naye, mbele atakaa Goreti na watoto, wewe juu na magunia matupu. Mtakaa Ijumaa, Jumamosi, Jumapili. Jumatatu lori linashuka, Jumanne mnapanda treni. Tabora utapita tu. Redio kaseti itakungoja, haina miguu ya kuuma.

Baba yako ataamka asubuhi atasema usiende ukweni mikono mitupu, ngoja atafute mbuzi kwa jirani. Namjua. Ataanza kuvaa viatu. Usingoje mbuzi. Nasema tena, Shija, usingoje mbuzi, hata kama unamsikia analia nje ya geti. Mpe mkono mzee, mwambie asante, panda.

Na mimi usiniombe ruhusa. Nimeshakupa, humu. Asubuhi usinywe chai hapa, nimewafungia viazi na chupa ya uji ya mtoto, na tiketi zenu zimo humo humo. Nikitoka nje nikaanza kusema subirini kidogo nimesahau kitu, usinisikilize, sijasahau kitu. Nikishika mkono wa Limi, mtoe mkono wake kwenye wangu, taratibu, mwondoke. Nitakasirika. Acha nikasirike.

Usinikumbatie kwa sababu ya barua hii. Sitaki. Bado nimekukasirikia, nadhani mpaka Jumanne treni itakapopita. Mkitoka Mwese shukieni stesheni, mlale huko huko, msipite nyumbani.

Mkikaribia pale malori yanaposhushia, wewe kaa juu kwenye magunia. Usiruke wa kwanza, usishushe mizigo, usianze kuomba radhi kwa Kiswahili chako kirefu. Yule mama atakuwa ameinuka. Mwache Goreti ashuke, amfikie.

Mayu wako.